Mwalimu mkuu anataka karatasi ya hospitali ya mwanangu mwenye usonji. Nimpelekee au niendelee kuificha?

#1 MamaIma_Tmk

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina mtoto wa kiume, miaka 8, darasa la pili shule ya serikali huku Temeke. Nitamwita Ima. Alichelewa kuongea, tukaambiwa watoto wa kiume ndivyo walivyo. Alipofika miaka minne maneno yakaja, ila ukimuuliza "umekula?" na yeye anajibu "umekula?". Daladala anazijua zote. Gari likiwa bado mbali, kwa rangi ya mstari tu anakuambia linakwenda wapi, na hakosei. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Kinachomshinda ni kelele na kubadilishiwa mambo ghafla.

Shuleni kwao kengele ni ringi ya lori imening'inizwa kwenye mwarobaini, inagongwa na kipande cha nondo. Ikilia tu, Ima anaziba masikio anaingia chini ya dawati, na kumtoa huko ni shughuli. Darasani wako 118, dawati moja watoto wanne, mwalimu mmoja.

Mwaka jana mwezi wa kumi tulizungushwa hospitali hadi tukampata daktari aliyekaa naye chini karibu saa nzima. Akasema ni usonji, ile Wazungu wanaita autism, akatuandikia karatasi. Nikaikunja nikaiweka begini chini ya vitenge, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Anayejua ni baba yake tu. Mama mkwe tulimwambia ni matatizo ya masikio.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu akaniita. "Mama, mtoto huyu unamjua na mimi namjua. Niletee karatasi ya hospitali nijue namwandika wapi." Nikamuuliza, nikileta itakuwaje? Akasema, "Tutaangalia utaratibu." Hilo neno utaratibu ndilo limeninyima usingizi.

Halafu kuna hili. Mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio mbele yangu. Kando ya jina la Ima kuna herufi mbili kwa wino mwekundu: MM. Nikajua ni mambo ya michango, kumbe ni "mahitaji maalum". Yaani karatasi sijapeleka na tayari wameshamwandika. Watoto wamelisoma, sasa wanamwita Emuemu. Yeye anaitika.

Naombeni ushauri, hasa walimu na wazazi waliopita njia hii. Nipeleke karatasi au nikae nayo?

#2 Kipara_Ngoto

Pole sana dada. Nimekaa siti ya mbele nasubiri wataalamu.

#3 Mtumishi_Shambani

Dada yangu, hayo mambo ya hospitali hayana mwisho. Mlete mtoto kwenye maombi, hiyo ni roho ya ububu.

#4 MamaIma_Tmk

Mtumishi, asante, huko tumeshapita. Maombi mara tatu, na kwa mzee mmoja Kisarawe tukaacha laki mbili na themanini pamoja na kuku mweupe. Ima alimpenda sana yule kuku, alilia tulipomwacha.

#5 JichoLaTatu

Hamjiulizi kwa nini zamani hawa watoto hawakuwepo? Chunguzeni chanjo mnazowachoma.

#6 Kamchape

Jicho, hilo limeshafungwa siku nyingi. Lilianzia Uingereza mwaka 1998, daktari mmoja anaitwa Wakefield akachapisha utafiti wa watoto 12. Jarida lenyewe likaufuta 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Na zamani walikuwepo, walifichwa ndani. Kijijini kwetu alikuwepo mmoja, tukiambiwa amerogwa na shangazi yake. Turudi kwenye mada.

#7 Mwl_Meru

Shikamoo kwa wanaostahili, wengine hamjambo.

Nimefundisha shule za msingi miaka 31, na 14 ya mwisho nilikuwa mwalimu wa mahitaji maalum baada ya kusoma chuo cha ualimu Patandi, kule Arusha. Nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema bila kuogopa kuandikiwa barua.

Mama Ima, mkuu wako si lazima awe na nia mbaya. Kila mwaka shule hujaza fomu za takwimu, zile TSM. Ndani yake kuna jedwali la wanafunzi wenye ulemavu, na lina vyumba vyake: wasioona, viziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, usonji, ualbino. Mkuu asiye na karatasi hufanya moja kati ya mawili. Ama anamwacha mtoto nje ya jedwali, na hapo kwa serikali mtoto huyo hayupo, ama anamtupia chumba cha "akili" kwa sababu ndicho anachokielewa. Shule moja niliyohamia niliwakuta watatu wamekaa chumba hicho miaka minne. Mmoja wao alikuwa akitoa jibu la kugawanya kabla sijashusha chaki ubaoni.

Tena wapo wanaowaita "watoto wa mtindio wa ubongo". Mtindio ni jambo la misuli na mwendo, hutokana na ubongo kuumia mapema, na wapo wenye mtindio ambao akili zao ni wembe. Ulemavu wa akili ni jambo jingine. Usonji nao ni jingine: ni namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga, maneno na watu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, lakini hayo si kitu kimoja, na mwalimu akikosea jina atakosea na somo. Ukimpa Ima kazi za kupanga vifuniko vya soda wakati anasoma vibao vya daladala, atavipanga siku mbili, ya tatu atavirusha dirishani, na kesi itakuwa yake.

Idadi ya kwenye jedwali ndiyo hoja ya afisa elimu maalum wa halmashauri anapoomba mwalimu au vifaa. Mtoto ambaye hakuandikwa, nani atamwombea? Kwa upande huu jina lina kazi.

Upande wa pili nao upo. Kuna mkuu anayetaka karatasi ili aiambatanishe na barua ya kuhamisha mtoto: "anafaa shule yenye kitengo." Kwa Dar vitengo vya usonji katika shule za serikali unavihesabu kwa vidole, kinachotajwa sana ni cha Msimbazi Mseto. Mtoto wa Mbagala atafikaje kule kila asubuhi?

Kuwajua ni rahisi. Usimuulize "itakuwaje". Muulize hivi: "Mwalimu, nikileta karatasi leo, Jumatatu darasani kitabadilika nini?" Akianza kutaja dawati, mwalimu, kengele, mpe. Akianza na jina la shule nyingine, mpe nakala tu na uondoke na ya kwako. Wala usitishike. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27, inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa na wenzake ya kupokelewa shuleni, iwe ya umma au ya binafsi. Usiingie nayo ofisini kama panga. Itaje mara moja kwa upole, atakuwa amesikia.

Kuhusu zile herufi nyekundu, mwambie azifute. Daftari la mahudhurio hukaa mezani na linasomwa na kiranja.

Nina mengi, ila simu inaisha chaji.

#8 BabaWawili

Naomba niseme ambalo wengi wanaliogopa. Mwanangu yuko darasa moja na mtoto wa aina hii, shule nyingine, si ya mleta mada. Mwezi wa pili amerudi na alama za meno mkononi. Nilipokwenda shule nikaambiwa "baba, vumilia, yule ana mahitaji maalum". Na mwanangu je, yeye mahitaji yake ni ya kawaida kwa hiyo aumwe tu? Watoto mia na kitu, mwalimu mmoja, halafu mnasema elimu jumuishi, wote wasome darasa moja. Hiyo jumuishi ni ya kwenye semina yenye maji ya chupa. Mtoto apelekwe anakoweza kusaidiwa, na hapo sioni kama nimemtukana mtu.

#9 MamaIma_Tmk

BabaWawili, sijakasirika. Ima hajawahi kuuma mtu, ila ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo.

Mwalimu Meru, marahaba isingefaa, nakupa shikamoo mimi. Kuhusu usafiri wa kwenda mbali, hilo ndilo pekee ambalo Ima asingelalamikia. Angetaka kubadilisha magari manne.

#10 Mama_wa_Ngara

Mama mwenzangu, pole. Naandika kutoka Nairobi, Kiswahili changu mtanisamehe.

Sisi hapa City Primary, mtaa wa Ngara, kuna yunit ya usonji tangu 2003. Ilianza kwa sababu wazazi walichoka kukaa na watoto nyumbani. Kijana wangu alipita pale. Kabla ya kupewa nafasi unampeleka mtoto akapimwe kwa kituo cha EARC. Hivyo vituo viko tangu 1984, na wengi wa walimu wetu wa hii kazi wamesomea chuo cha KISE kule Kasarani. Kwa hivyo huku kwetu karatasi si mjadala: bila hiyo huingii. Pia mtaala wetu wa CBC una njia mbili, ya anayesoma na wenzake wa umri wake, na ya anayepanda kwa hatua zake mwenyewe.

Lakini nikuambie kile hakuna mtu aliniambia. Asubuhi watoto wote wanaingia geti moja, wamevaa sare moja. Ukishapita geti, wanaachana. Shule ambayo kijana alienda baadaye, wale wa yunit walikuwa na saa yao ya mapumziko, wenzao wakiwa darasani. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa, "ndiyo wasisumbuliwe." Miaka miwili alikuwa hapo, hakuna mtoto hata mmoja wa ile shule kubwa aliyejua jina lake. Mlango ulikuwa umeandikwa YUNIT kwa rangi ya buluu, na hilo ndilo walimwita.

Kwa hivyo sikuambii kitengo ni kibaya. Walimu wa Ngara walimfunza kufunga viatu na kusema "nataka maji", na mimi nilikuwa nimeshindwa. Nakuambia uulize swali la pili: mapumziko yake ni saa ngapi, na ni na nani?

#11 FundiRedio

Mimi ninao usonji. Nina miaka 36. Natengeneza redio na amplifaya, Tabata.

Shule ya msingi sikuwa na karatasi. Wazazi hawakujua. Mwalimu wa darasa la tatu aliniita zezeta. Darasa la tano nikaongoza hesabu, wakaniita kichwa. Darasa la sita nilipiga kelele paredi kwa sababu ya bendi, wakaniita kichaa. Majina matatu kwa miaka minne, na hakuna hata moja lililomwambia mwalimu kwamba bendi inaniumiza masikio.

Nilipata jina la daktari nikiwa na miaka 33. Nililia kidogo, halafu nikaenda kazini.

Mama Ima anauliza kama mtoto apewe jina. Ameshapewa. Emuemu.

#12 Kipara_Ngoto

Fundi umenifanya niweke simu chini.

#13 Mzaramo_Leeds

Mimi niko Uingereza, mtoto wangu wa pili anao. Msidhani huku ni peponi.

Huku kuna mpango unaitwa EHC, umekuja na sheria ya 2014. Mzazi anaomba halmashauri, mtoto anakaguliwa na watu kadhaa, na kisheria mpango uwe umekamilika ndani ya wiki 20. Sisi ulichukua mwaka na miezi miwili, tukakata rufaa katikati. Lakini ulipotoka, jina la usonji limeandikwa mara moja ukurasa wa mwanzo, kurasa zote zilizobaki zinasema anahitaji nini. Apewe maelekezo mafupi moja baada ya jingine. Aambiwe dakika tano kabla ya kubadilisha kazi. Saa kadhaa kwa wiki awe na mtu mzima wa kumsaidia. Mwalimu mpya akija anasoma, anafanya. Hicho ndicho ningewashauri muibe kutoka kwetu, na hakihitaji hela ya Mwingereza.

Majina yenyewe hata wenye nayo wanayabadilisha. Hadi 2013 kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutaja matatizo kilikuwa na Asperger kama jina lake pembeni. Toleo la tano, DSM-5, likalifuta, wote wakaingia kapu moja la usonji lenye ngazi tatu za msaada. Watu walilala na jina hili wakaamka na lile. Watoto ni walewale.

#14 Kalamu_Nyeusi

Samahani kwa kuingilia, ila kuna mtu kaandika "msonji" huko Facebook na kuna "mtoto mwenye usonji" hapa. Lipi sahihi? Naandika taarifa ya shule.

#15 FundiRedio

Kwenye taarifa andika "mwenye usonji". Mimi nikijitaja nasema "mimi msonji", kama ninavyosema mimi fundi. Wewe usiniite hivyo kabla sijakuambia.

#16 Mwl_Meru

Umeme umerudi.

BabaWawili, nakujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako ninaijua kwa mwili. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii mwanafunzi aliniuma hapa, chini ya kiwiko, alama ipo. Tukaitana, tukasema mengi, mwisho mtoto akahamishwa. Ilipita miezi ndipo nikakaa nikafuatilia ile siku. Ilikuwa siku ya mgeni wa wilaya. Tulihamisha madawati yote usiku uliotangulia ili darasa lipendeze. Yule mtoto aliingia asubuhi hakuona dawati lake, akatafuta saa nzima bila kuweza kusema anatafuta nini, nami nikamshika mkono kwa nguvu nimkalishe kabla mgeni hajaingia. Mimi ndiye niliyemfikisha pale, na barua ya uhamisho ikaandikwa kwa jina lake.

Simaanishi alama za mwanao si kitu. Uliyemwendea alipaswa kukuambia kilichotokea dakika kumi kabla, na atafanya nini kisirudiwe. "Vumilia" si jibu, hapo niko upande wako. Kwenye "apelekwe anakosaidiwa" ndipo tunapoachana. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya 127 ana usonji, makadirio ya 2021. Piga hesabu: darasa la Ima lina 118. Kwa wastani darasa la namna hiyo lina karibu Ima mmoja, ajulikane asijulikane. Hivyo vitengo vya kuwapeleka wote viko wapi?

Darasa langu kubwa kuliko yote lilikuwa na watoto 96 na wawili wenye usonji. Nilichoweza ni hiki, na hakikuwa muujiza. Nilichora ratiba ya siku kwenye kipande cha boksi la biskuti: uji, kusoma, choo, hesabu, mpira, nyumbani. Jambo likiisha tunageuza kibanio cha nguo. Nilimweka mmoja dawati la mbele pembeni, ukutani, asiguswe upande mmoja. Nyuma ya kabati nikaacha nafasi ya mtu mmoja na gunia la kukalia, yeyote aliyezidiwa aende, hata asiye na usonji. Wiki ya kwanza walikwenda wote kujaribu. Wiki ya pili wakachoka, likabaki la wenyewe. Na nilichagua watoto wawili wa kukaa naye, si wapole, wale watundu, maana mtundu haogopi.

Yule mmoja alifika darasa la saba. Wa pili sikumuweza. Mama yake alimtoa darasa la tatu na simlaumu.

Mama Ima, wazo la huyo wa Leeds lichukue. Kabla ya karatasi ya daktari, andika ukurasa mmoja wa kwako kwa mkono, kwa Kiswahili. Usianze na usonji. Anza na kengele.

#17 BabaWawili

Mwalimu, sijakubali yote. Ila hilo la dakika kumi nitakwenda nalo shule kesho.

#18 Kamchape

Mama Ima usipotee, tupe mrejesho.

#19 MamaIma_Tmk *(wiki tatu baadaye)*

Nimerudi wakuu.

Niliandika ukurasa wangu. Nauweka hapa kama ulivyo:

"Ima anaziba masikio kengele ikilia. Hana kiburi. Mkimwambia kabla, anavumilia. Usimshike kwa nyuma. Akirudia maneno yako hakuigizi, anayashika. Akitaka choo hasemi, anasimama na kukunja ukingo wa shati. Maswali ya kuandika anajibu, ya mdomo mpe muda, hesabu hadi kumi. Akilia mwache karibu na dirisha la barabarani, akiona magari anatulia. Anapenda kuambiwa saa ngapi kitu kitaisha."

Mwalimu wa darasa akausoma mara mbili. Hapo kwenye shati akakaa kimya, akasema, "Kumbe ndiyo maana." Mwezi wa tatu alikuwa amemchapa kwa kusimamasimama, na siku hiyo Ima alirudi amejilowesha. Nilikuwa sijui habari ya fimbo. Sikusema kitu, na yeye hakusema. Akaomba abaki nao, akaupachika ndani ya jalada la andalio la somo.

Kwa mkuu nikauliza swali la Jumatatu kama nilivyofundishwa. Alinitazama kwanza. Kisha akasema Jumatatu hawezi kuniahidi mwalimu, kwa kuwa hana, lakini dawati la dirishani anaweza, na kwamba anataka karatasi kwa sababu ya TSM na kwa sababu afisa ameshamuuliza kwa nini shule yake yote haina hata mmoja kwenye chumba cha usonji. Nikampa nakala. Imeingia faili lake, nimeona kwa macho. Shule nyingine hakuitaja. Sheria sikuitaja pia, nilikuwa nimeibana mdomoni tayari.

Mama mkwe naye tumemwambia. Akasema, "Mjomba wenu Salehe alikuwa hivyo, alijua kila mtu wa kijiji alizaliwa siku gani." Miaka minane tunamficha mtu aliyekuwa anajua.

Herufi nyekundu mwalimu amezifuta kwa wembe. Imebaki kama kovu kwenye karatasi. Watoto bado wanamwita Emuemu.

#20 Kipara_Ngoto

Na kengele?

#21 MamaIma_Tmk

Kengele sasa! Mwalimu wa zamu alipata wazo lake mwenyewe, kwamba Ima awe anaigonga yeye. Wakamnunulia saa ya ukutani ya elfu nane. Siku ya kwanza alikataa, ya pili aligonga mara moja akakimbia, ya nne akawa anagonga na pamba masikioni. Akishika nondo mwenyewe sauti haimtishi.

Tatizo limehamia kwa walimu. Saa nne na dakika ishirini ni saa nne na dakika ishirini. Mwalimu awe hajamaliza, awe katikati ya sentensi, Ima anatoka anakwenda kugonga. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita amelalamika kwenye kikao. Mkuu akamjibu, "Kwa hiyo unataka nimwandikie barua kwa kuwahi?"

#22 Mzaramo_Leeds

Nimecheka kwenye basi watu wamenigeukia.

#23 Mwl_Meru

Angalieni likizo ikija. Baada ya likizo atarudi nyuma kidogo, msikate tamaa. Mpelekeni shule siku mbili kabla hawajafungua, apite darasani likiwa tupu. Na mwalimu akibadilishwa mwakani, ule ukurasa usibaki kwenye jalada la huyu, uandikwe upya.

#24 FundiRedio

Mmeongea na mkuu, mwalimu, bibi na afisa. Ima mwenyewe ameambiwa?

#25 MamaIma_Tmk *(siku nne baadaye)*

Fundi, swali lako lilinikalisha. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemwambia.

Jana jioni tulikaa kizingitini, barabara inaonekana. Nikamwambia, Ima, masikio yako yanasikia sana kuliko ya wenzako, na kichwa chako kinashika vitu kwa namna yake, na hiyo namna ina jina, inaitwa usonji. Akarudia: "Usonji." Akanyamaza, likapita la Mbagala, likapita jingine. Halafu akaniuliza, "Usonji inapita wapi?"

Nikaelewa anadhani ni ruti. Nikamwambia inaanzia hapa nyumbani. Akauliza mstari wake rangi gani. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitaulizia. Ndiyo nauliza.

#26 FundiRedio

Mwambie achague rangi ambayo bado haina gari. Atakuwa anaijua.